Bi Parapanda Aenda Jukwaani

Kila Alhamisi mchana, chakula kikishapakuliwa, mtangazaji mmoja maarufu wa redio alimchokoza mkewe mpaka wagombane. Hakuwa na kinyongo naye. Alikuwa kazini. Msomaji anaombwa asimhukumu mapema. Nafasi ya kumhukumu itapatikana, tena ya kutosha.

"Mboga hii," alisema Alhamisi moja, akainua kijiko kwenye mwanga kama daktari anayekagua kichupa cha mkojo, "imepikwa au imeogeshwa?"

"Imeogeshwa," mkewe akajibu. "Kwa sabuni ya huyo mdhamini wako. Kula, labda itakutakasa moyo."

Binti yao, ambaye alikuwa nesi na siku hiyo alikuwa anaingia zamu ya jioni, alicheka mpaka akapaliwa.

"Usicheke, mwanangu. Mimi nimenyamaza," mama alisema, naye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. "Nimenyamaza kabisa. Mtu analala mpaka jua linamchungulia dirishani, anaamka anatafuta soksi kama anatafuta urithi, halafu anakuja kuniuliza habari za mboga. Wewe umewahi kumenya hata kitunguu? Kitunguu kikikuona kinalia chenyewe. Lakini nimenyamaza, sisemi."

Mtangazaji aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshindwa, akameza haraka haraka, akaenda chumbani na kufunga mlango. Baada ya muda mfupi vidole vilisikika vikikimbia juu ya kompyuta. Kitunguu kilikuwa kimeshapatikana.

Kipindi chake kiliitwa Pazia la Jumamosi, na watu walimwita yeye Mzee Pazia tangu enzi ambazo hakuwa na mvi hata moja. Alipiga nyimbo za michezo ya jukwaani, na baina ya wimbo na wimbo akasimulia kisa: nani kampenda nani, nani kafungwa bila kosa, na kwa nini jeshi zima, badala ya kukimbia adui, limesimama mstari mmoja linaimba. Nyimbo hizo alizipenda kwa namna ambayo watu wazima wengi huona haya kupenda kitu. Lakini katikati ya kipindi aliweka kichekesho alichokiandika mwenyewe, cha Bwana Taratibu na mkewe Bi Parapanda. Bi Parapanda alisema bila kupumua, kila baada ya sentensi mbili alitangaza kwamba yeye amenyamaza, na aliamini kwamba anajua kuimba. Akiimba, mbwa walihama mtaa. Akishika wimbo wa pili, mwenye nyumba alipunguza kodi ili wapangaji wasitoroke.

Hilo la kuimba vibaya Mzee Pazia alilibuni kichwani. Mengine yote aliyabeba kutoka mezani kwake.

Hata sauti aliibeba. Kipindi kilipokuwa bado kichanga, alimleta nyumbani mwigizaji mmoja wa kike, kwa kisingizio kwamba gauni lake linahitaji kupunguzwa pindo. Mke wa Mzee Pazia alikuwa fundi wa kushona, na alikuwa mkarimu. Alimpunguzia pindo, akamkaribisha chai, akamkaribisha tena siku nyingine, akamsimulia maisha yake yote toka utotoni. Mwigizaji alikunywa chai na kutazama. Alipoondoka aliondoka na gauni pamoja na kicheko kinachoanzia puani, na ile namna ya mwenyeji wake ya kupandisha sauti mwisho wa sentensi, kana kwamba mbele ya kila nukta kuna ngazi. Pindo hakulipia.

Tangu hapo, fundi hakuweza kununua nyanya kwa amani.

"Heee! Mama, hebu sema tena!" muuza nyanya alimwambia. "Unamwiga Bi Parapanda utadhani ni yeye!"

"Simwigi. Nimeuliza bei."

"'Nimeuliza bei!' Jamani, njooni mumsikie huyu mama!"

Watu walikuja. Walimwongezea nyanya mbili za bure kwa ajili ya kipaji chake. Alirudi nyumbani akasimulia, akiwa nusu anacheka na nusu hajui afanye nini na uso wake, na Jumamosi yake nyanya hizo zilikuwa redioni.

Zamani alikuwa akiimba akiwa kwenye cherehani. Aliimba zilezile nyimbo za mumewe, kwa sauti nzito iliyokwenda sambamba na mguu wake juu ya kanyagio. Siku moja akaacha. Mumewe hakujua ni siku gani. Aligundua kama mtu anavyogundua kwamba saa ya ukutani imesimama, yaani akiwa ameshachelewa.

*

Ukumbi wa mji ulikuwa unaandaa mchezo mpya wa nyimbo, na fundi ndiye aliyepewa kazi ya kushona mavazi. Mchezo ulihusu kijana aliyefungwa kwa kosa la rafiki yake. Katika sehemu ya pili mama yake anakuja kwenye lango la gereza, anakatazwa kuingia, na anaimba wimbo mmoja akiwa ameshika nondo. Halafu anaondoka, haonekani tena. Basi. Lakini kila aliyeusoma mchezo alijua kwamba wimbo ule usipokaa sawa, hakuna mchezo.

Siku hiyo fundi alikuwa amepiga magoti, anapima suruali ya mkuu wa gereza, mdomoni ameshika pini. Mpiga kinanda alikuwa pembeni anajaribu wimbo wa langoni. Fundi, bila kujua, akaufuata kwa mguno.

Mwongozaji wa mchezo alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa miwani juu ya kichwa na kuitafuta kutwa nzima. Aliacha kuitafuta.

"Fundi. Toa pini mdomoni."

"Samahani, mwalimu."

"Sikukukataza. Nimesema toa pini, uimbe."

Aliimba akiwa bado amepiga magoti, na mkuu wa gereza amesimama mbele yake na mguu mmoja wa suruali. Wimbo ulipokwisha, mkuu wa gereza alikuwa anajifuta macho kwa utepe wa kupimia. Mwongozaji akasema kwamba mama wa mfungwa amepatikana, na kwamba mazoezi ni kila siku alasiri.

Nyumbani alimwambia binti yake peke yake.

"Baba yako asijue," alisema. "Siku ya kwanza ya onyesho lazima aje, kazi yake ndiyo hiyo. Atakaa kwenye kiti chake kilekile cha mbele, atajifanya amechoka. Mimi nitatokea."

"Mama, atazimia."

"Azimie tu. Lakini aanze kunisikia kwanza."

*

Furaha ya fundi ilizua janga ambalo hakuna aliyelitazamia. Ugomvi ulikwisha nyumbani.

"Mboga ina chumvi," Mzee Pazia alisema Alhamisi iliyofuata, kwa sauti ya kuudhi aliyoifanyia kazi miaka mingi.

"Kweli eti? Pole, baba. Nikuongezee maji kidogo?"

Akajaribu kulaumu mashati. Mkewe akasema atayapiga pasi upya. Akamtukana shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye kwa kawaida jina lake pekee lilitosha kurasa tatu za kichekesho.

"Ni kweli, kaka yangu ana vituko," mkewe akasema, akatabasamu na kuangalia dirishani.

Mzee Pazia akaingiwa na hofu ya kweli. Meneja wa vipindi alikuwa ameshamwambia, mara mbili, mbele ya watu wa matangazo, kwamba Bi Parapanda siku hizi amepoa, na kwamba mdhamini hanunui dakika za kupoa. Mara ya pili alimwambia huku anakula karanga, na hakumkaribisha. Sasa ni Alhamisi jioni, mswada unatakiwa kesho, na chanzo cha vichekesho vyote kinatabasamu.

Alichukua glasi tupu ili, akikutwa, aonekane anakwenda kunywa maji. Akasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Ilikuwa njia yake ya zamani, na glasi ile ilikuwa imesimama pale na mwenyewe mara nyingi.

"...miguu inatetemeka, mwanangu," mkewe alikuwa anasema. "Nikishika lile lango najiambia, wewe mama mtu mzima, umefuata nini huku na wasichana? Halafu nikifungua mdomo, naona kama hakuna mwingine ulimwenguni aliyewahi kuimba ila mimi."

Binti akacheka kwa upendo. Mama naye akacheka, kwa kile kicheko kinachoanzia puani.

Mzee Pazia alisikia ndoto. Alidhani mkewe, kwa kushona mavazi ya ule mchezo wa gereza, anajisimulia ya kuwazia, kama watu wanavyosema wangekuwa marubani. Hakusikia neno mazoezi, maana lilikuwa limesemwa kabla hajafika. Angengoja kidogo angelisikia tena. Lakini mwandishi aliyekauka akipata tone hangoji. Alirudi chumbani na glasi yake tupu, akaandika bila kusimama.

*

Kichekesho cha Jumamosi asubuhi kiliitwa Bi Parapanda Aenda Jukwaani. Bi Parapanda anasikia kwamba ukumbi unatafuta waimbaji. Anajipaka, anajipamba, anakwenda. Anashika lango la mbao. "Miguu inatetemeka!" anasema. "Wewe mama mtu mzima, umefuata nini huku na wasichana? Lakini nikifungua mdomo, hakuna mwingine ulimwenguni aliyewahi kuimba ila mimi!" Anafungua mdomo. Lango linaanguka. Wafungwa wote wanaomba waongezewe kifungo, mradi wabaki ndani.

Fundi mitambo alicheka mpaka akakaa chini. Mwigizaji alilazimika kusimama ili apumue. Simu ziliingia kutoka kwa madereva, wauguzi, na mwalimu mkuu mmoja aliyeomba asitajwe. Meneja wa vipindi alikuja mwenyewe studio akamkumbatia Mzee Pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akamkaribisha karanga.

Kwa muda wa asubuhi hiyo, Mzee Pazia alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini. Tunalitaja hili kwa sababu hatutapata nafasi ya kulitaja tena.

Mkewe hakuwa karibu na redio. Alikuwa kwa mteja anapima mapazia, na kutoka huko alikwenda moja kwa moja ukumbini.

Alipoingia, watu waliokuwa wakizungumza waliacha. Mpiga tarumbeta alitazama viatu vyake. Fundi alidhani amechelewa, akaomba radhi, akavua kitambaa cha kichwa, akapanda jukwaani. Kinanda kikaanza. Akashika nondo za lango, nondo za mbao zilizopakwa rangi ya chuma. Jana yake, mahali hapohapo, alikuwa amewachekesha wenzake kwa kuwaambia kwamba miguu yake inatetemeka, mama mtu mzima kama yeye. Wote walikuwa wanayakumbuka maneno hayo. Leo asubuhi walikuwa wameyasikia tena.

Akafungua mdomo.

Wa kwanza alikuwa mpiga tarumbeta. Alijaribu kukiziba kicheko kwa mkono, kikatokea puani. Halafu wasichana wa kiitikio. Halafu mkuu wa gereza, yule aliyelia, aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanampenda. Lakini hakuna aliyeweza kusikia mama wa mfungwa. Wote walikuwa wanangoja lango lianguke.

"Kuna nini?" fundi aliuliza. Aliuliza kwa sauti yake, ikapanda mwisho kama kawaida yake, na hilo likawamaliza kabisa.

Mwongozaji alipiga kelele wanyamaze. Wakanyamaza. Fundi akaanza upya. Safari hii hakuna aliyetoa sauti, ila mabega yao yalikuwa yanaruka, na yeye akiwa pale juu aliyaona yote. Aliimba mpaka mwisho. Hilo pia lazima lisemwe.

Mwongozaji alimpeleka nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha mavazi, akamwambia kuhusu redio. Alimwambia polepole, kama mtu anayevua plasta.

"Nyumba yako wewe, ukisema kitu kinakwenda hewani?" akauliza.

"Ndiyo," fundi akasema. "Tumezoea."

"Hawa watu wangu nimewafokea, nitawafokea tena, watazoea. Lakini watu wa tiketi nitawafokeaje? Wimbo ule mtu mmoja akicheka, mmoja tu, kijana wangu amefungwa bure."

"Naelewa, mwalimu."

"Una sauti nzuri kuliko wote humu."

"Ndiyo hiyo imeshatumika," fundi akasema.

Mwongozaji alitafuta miwani yake ili asimtazame. Kisha akasema kile ambacho hakikuwa na namna nzuri ya kusemwa: nafasi atapewa yule msichana mwembamba wa kiitikio, na gauni la langoni itabidi lipunguzwe kiunoni na mabegani, maana fundi alikuwa amelishona kwa vipimo vyake mwenyewe.

"Mlete nimpime," fundi akasema.

Msichana akaja, akasimama na mikono imenyooshwa, hajui atazame wapi. Fundi akaweka pini mdomoni.

*

Jumapili, Jumatatu na siku zilizofuata, nyumba ilikaa kimya, lakini Mzee Pazia alikuwa bado anapokea pongezi na hakusikia kitu. Alhamisi alikaa mezani akasugua viganja.

"Wali huu," alisema, "umeupika au umeulaani?"

Mkewe akamtazama. Akaondoa sahani yake, akaiosha, akaenda kwenye cherehani na kufunga mlango.

"Leo ana nini?" Mzee Pazia akamuuliza binti.

Binti alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Alikunja kitambaa cha mkono mara mbili, akakikunjua.

"Baba, Jumamosi ile wagonjwa wangu walicheka mpaka nyuzi za vidonda zikataka kukatika. Mimi niliposikia yale maneno nikajua ulisimama mlangoni na glasi yako."

"Unajua habari ya glasi?"

"Sote tunajua habari ya glasi. Mama huwa anapandisha sauti makusudi ili usisumbuke. Lakini siku ile alikuwa ananong'ona, Baba. Hukuona kwamba ananong'ona?"

Akamweleza yote: pini, lango, kiti cha mbele, gauni. Mzee Pazia alikuwa na kijiko mkononi, akabaki nacho. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliambiwa jambo lote, mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata neno moja alilotaka kuliandika.

*

Alikwenda ukumbini akiwa amevaa koti la hafla. Mwongozaji alimpokea kwa heshima, kwa kuwa kila mwaka alikuwa anasifu michezo yake redioni.

"Mrudishie nafasi yake," Mzee Pazia alisema. "Kosa ni langu. Mimi nitatangaza hewani kwamba..."

"Kwamba nini, Mzee Pazia? Kwamba Bi Parapanda ni mke wako? Wataleta na watoto waje wacheke."

"Nitawaambia ana sauti nzuri."

"Ukisema wewe, watajua ni kichekesho kipya." Hakumwambia kwa ukali. "Miaka yote hii umewafundisha wacheke wakimsikia. Umefundisha vizuri."

Kutoka hapo alikwenda kwa meneja wa vipindi, kijana mwenye viatu vyeupe visivyojua vumbi.

"Nataka Bi Parapanda afe," akasema.

"Afe?" Meneja akacheka, akidhani ndiyo mwanzo wa kitu. "Mzee, wiki hii mdhamini amepiga simu mwenyewe. Anataka aimbe kila Jumamosi. Unampeleka kaburini wakati mimi namtafutia bendi?"

"Basi ahame mji. Au apotelewe na sauti."

"Bi Parapanda ni wa stesheni, mzee wangu. Ulitia sahihi mwenyewe, mimi nikiwa bado shule. Ukichoka, nina vijana wawili hapo nje wanaweza kumwandika."

"Basi wamwandike. Mimi nitabaki na nyimbo zangu."

Meneja akaacha kucheka. Alimtazama kwa huruma ambayo Mzee Pazia angependa kutoiona.

"Nikwambie ukweli, kama baba yangu? Zile nyimbo watu walikuwa wanazivumilia. Ni kama foleni ya zahanati. Mtu anakaa kwa sababu anajua mbele kuna kitu. Tukiondoa kitu, nani atakaa?"

Mzee Pazia alifikiria zile Jumamosi zote, akisimulia kwa pumzi ya chini jinsi mpenzi wa kwanza anavyoaga kabla ya wimbo wa tatu, na huko majumbani watu wakipiga pasi na kuulizana kama Bi Parapanda ameshaanza. Akashika kofia yake. Kwenye ngazi alipishana na vijana wawili, wakamwamkia kwa adabu na kumpisha, kama anavyopishwa mgonjwa.

*

"Nimeacha kazi," alimwambia mkewe.

Fundi alikuwa anamalizia gauni la langoni. Mguu wake haukusimama juu ya kanyagio.

"Nimesikia. Jirani ameniambia."

"Nimekwenda kwa mwongozaji pia."

"Hilo nalo nimesikia. Umefanya wasichana wale waone haya upya."

Mumewe alikaa kwenye kigoda cha wateja, kigoda cha chini, magoti yakamfikia kifuani. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Nilikuwa na masikio ya kusikia kila kinachosemwa katika nyumba hii," akasema, "na wewe peke yako sikukusikia."

Cherehani ikasimama. Kwa kitambo kifupi kabisa macho ya Mzee Pazia yalikwenda pembeni, mahali ambapo macho yake yalikuwa yanakwenda siku zote sentensi ikikaa vizuri. Hakukusudia. Mkewe aliyaona yakienda, akangoja yarudi.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa utaipeleka wapi?"

Hakuwa anamkejeli. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza mzigo uwekwe wapi, na Mzee Pazia alitamani angemtukana.

"Mimi sikutaka mengi," fundi akasema. "Nilitaka ukae kwenye kiti, mimi niko mbali, siwezi kukuona. Unisikie bila kufanya kazi. Mara moja."

"Naweza kukusikia sasa. Imba. Hapahapa."

"Hapana, baba," akasema kwa upole, akakata uzi kwa meno. "Utanishikia hili pindo unisaidie kulinyoosha, au unakwenda?"

Alilishika pindo.

Siku ya onyesho alikwenda, akakaa kwenye kiti chake cha mbele, ingawa hakuwa tena na kipindi cha kulisifia. Msichana mwembamba aliimba vizuri. Hakuna aliyecheka. Gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo, na watu wawili nyuma ya Mzee Pazia walinong'ona kwamba kweli fundi anajua kazi. Fundi mwenyewe alikuwa nyuma ya jukwaa na sindano mkononi, mahali ambapo kutoka kwenye viti hapaonekani.

*

Jumamosi moja, miezi imepita, walikuwa wanakula watatu. Dirisha la jirani lilikuwa wazi na redio yake ilikuwa juu. Bi Parapanda wa vijana wawili alikuwa anampiga mumewe kwa mwiko, na kila akiinua mkono alitoa ushuzi, uliopigwa kwa chombo maalumu cha studio.

Fundi aliinua kichwa.

"Huyo ni nani sasa?"

"Ni yeye," Mzee Pazia akasema.

"Mimi sisemi hivyo."

"Hapana. Husemi hivyo."

"Na hicho kicheko wamekifanyia nini?" Alisikiliza kidogo zaidi, uso umekunjamana, kisha ukakunjuka. "Huyo si mimi kabisa. Angekuja hapa nisingemkaribisha hata maji."

Alichukua sahani yake na bakuli tupu, akaenda navyo jikoni. Jirani akabadilisha stesheni. Na kutoka jikoni, chini chini, kikatoka kitu ambacho mwanzoni kilikuwa kama pumzi tu, halafu kikawa mguno, halafu mguno ukashika mstari wa kwanza wa wimbo wa langoni.

Mzee Pazia akaacha kutafuna. Binti naye akaacha. Meza yote ikanyamaza, na ukimya huo ukavuka mlango ukafika jikoni kabla mstari wa pili haujaanza.

Mguno ukakatika.

"Mnasikiliza," sauti ya fundi ikasema.

"Hapana!" Mzee Pazia akajibu. Akachukua kijiko akakigonga kwenye sahani. Akaburuta kiti. Akakohoa kikohozi kirefu cha uongo, na alipoona bado jikoni kuko kimya, akamgeukia binti yake akapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Enhe! Na huko kazini! Wagonjwa hawajambo?"

Binti alimtazama babake. Kisha akavuta pumzi.

"Wengi, Baba!" akapiga kelele. "Wengi mno! Na bandeji zimekwisha!"

"Bandeji!"

"Zimekwisha kabisa!"

"Sasa mnafunga na nini?"

"Tunaosha zilezile!"

Wakaendelea hivyo, wakipigiana kelele kuhusu bandeji juu ya meza ndogo, vijiko vikigonga sahani zilizokwisha chakula. Jikoni maji yakafunguliwa. Kama chini ya maji yale palikuwa na wimbo, wao hawakuusikia, wala hawakunyamaza kuutafuta.